Kidole cha Muchangi

Muchangi alipoletwa kwangu mara ya kwanza, alitoa kidole kabla hajaonja chai. Alisalimu, ndiyo, lakini kwa haraka, kama mtu anayetaka kuliondoa jambo njiani. Kisha akafungua mkoba, akatoa kompyuta nyembamba ya rangi ya fedha, akaiweka mezani pangu juu ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Akainua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ili sote tukione, akakigusisha kwenye kitufe kidogo pembeni. Kioo kikawaka.

"Umeona, Tata?" akaniambia. "Hakuna kuandika password. Password ni vitu ya wazee. Mimi ndio password."

Sikuwa nimemjua hata kwa kikombe kimoja cha chai na tayari nilikuwa nimemchoka.

Mimi ni Njoki. Nina duka la dawa za mifugo hapa Othaya, na kwa midomo ya watu wa soko mimi ndiye mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko dawa ya kupe ninayouza. Sijawahi kuwakatalia. Ivy ni binti wa kaka yangu Gatimu, na mimi ndiye Tata wake, yaani shangazi. Alihamia kwangu alipojiunga na chuo, maana kwangu kuna umeme usiokatika ovyo na hakuna wadogo zake wa kumvuta sketi. Nimemwona akisoma hadi macho yakawa mekundu. Basi siku aliponiambia kwamba amepata mtu, na mtu mwenyewe anatoka Chuka na anafanya kazi katika ofisi moja mjini Nyeri, nilichinja kuku. Kuku yule mpaka leo namhurumia.

Kazi yake Muchangi hatujawahi kuielewa. Ukimuuliza anasema, "Niko kwa mambo ya systems." Ukimuuliza systems za nini, anatabasamu kidogo na kutazama simu. Simu ilikaa mkono wa kulia saa zote, ndiyo sababu kidole cha kompyuta kilikuwa cha kushoto. Huo mkono mwingine ulikuwa na shughuli.

Siku ile ya kwanza nilimwambia nilivyoona. Nilimwambia, "Kijana, kidole si siri. Umekiacha kwa kikombe changu, umekiacha kwa kiti, ukienda msalani utakiacha kwa mlango. Password ikiibwa unaweka ingine. Kidole kikiibwa utaweka nini, cha mguu?"

Akacheka. Si kicheko cha mtu aliyefurahi, bali kile cha huruma, wanachokitoa watu wa ofisini wakimsikiliza mtu wa sokoni. "Tata, hii ni technology. Hakuna mtu duniani ako na kidole kama yangu."

"Na tunashukuru," nikasema. Ivy akanikanyaga mguu chini ya meza.

Sikatai, kidole ni rahisi. Unagusa, unaingia. Lakini hata mlango usio na komeo ni rahisi, unasukuma tu. Kilichonikera hasa hakikuwa mashine. Kilichonikera ni namna alivyokiinua kile kidole, kana kwamba yeye ndiye aliyekibuni.

Kompyuta ya zamani ya Ivy iliingia maji msimu wa mvua, paa langu lilipovuja, ikafa. Muchangi akasema hakuna haja ya kununua nyingine. Hii yake ilikuwa ya wote wawili, maana walikuwa wanaelekea kuwa mwili mmoja. Maneno matamu. Ivy alikuwa anaandika utafiti wake wa mwisho wa shahada ya lishe, juu ya watoto wa milima hii wanaoachishwa ziwa kwa chai ya rangi na mkate mkavu. Alikuwa amepanda na kushuka vijia vya majani chai na mizani begani, akipima watoto wa watu, akifukuzwa na mbwa wa watu. Hospitali moja ya misheni ilikuwa imemwahidi kazi, mradi amalize na kuhitimu mwaka huu. Utafiti wote huo ukaingia ndani ya kompyuta ya Muchangi, na kompyuta ya Muchangi ilifunguka kwa kidole cha Muchangi.

"Si aongeze chako?" nikamuuliza Ivy.

"Nilimwambia, Tata. Alisema mashine inakubali mtu mmoja. Ndio security yake."

"Mtu mmoja? Hata choo cha soko kinakubali watu wengi."

"Yeye ndiye anajua hizo vitu," akasema, na akamtetea hivyo kwa muda mrefu. Msichana aliyeweza kukwambia chembe ya damu inataka nini ili iwe nyekundu, aliamini kila alichoambiwa na mtu huyu kwa sababu kilisemwa polepole.

Basi ikawa hivi. Asubuhi Ivy anapanda mjini Nyeri, anaenda ofisini kwa Muchangi, anaketi kwenye benchi pamoja na wageni wengine mpaka bwana amalize simu. Bwana anatoka, anainua kidole mbele ya watu, anagusa. Mashine inafunguka. Hapo Ivy anapaswa kushuka nayo hadi maktaba, lakini Muchangi alikuwa ameitengeneza isinzie upesi, ati kwa ajili ya usalama. Ikisinzia, inajifunga. Kwa hiyo binti yetu alipita katikati ya mji akiwa ameibeba wazi kifuani kama sinia ya maandazi, kidole chake kikiikunakuna isipate usingizi. Mzee mmoja akamwambia, "Madam, angalia mbele, utaanguka kwa mtaro." Siku mvua ilipomkuta njiani aliifunga ili isilowe, akarudi ofisini kuomba kidole upya, akaambiwa bwana ametoka.

Aliponisimulia alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Niliona aibu kwa niaba yake, na nikamwambia wazi kwamba mwanamke anayeomba kidole leo ataomba chumvi kesho. Akanijibu kwamba nimekaa mjane hadi nikawa mchungu. Pengine ni kweli. Hata dawa ya minyoo ni chungu, na ng'ombe wanapona.

Jumapili moja Muchangi alikuja kwangu, akala mukimo na nyama mpaka akalegea, akajinyoosha kwenye kochi langu na kukoroma. Kompyuta ilikuwa juu ya meza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inia sakafuni, kidole kimejinyoosha. Nilimtazama Ivy, Ivy akanitazama. Nikaichukua ile mashine mwenyewe, nikapiga magoti, nikakileta kitufe hadi kwenye kidole cha mwenye usalama wake. Ikafunguka bila kinyongo. Ivy aliandika mchana kutwa, na mwenye kidole hakugeuka hata ubavu.

"Ongeza chako sasa," nikamnong'oneza.

"Tata, hapana. Na mashine si inakubali mtu mmoja?"

"Angalau tuma hayo mambo kwa barua pepe yako."

Akatuma sura tatu za kwanza. Sura mbili za mwisho akasema hazijawa tayari, ataziona baadaye. Alikuwa na imani. Muchangi alipoamka alipiga miayo, akagusa kitufe, akaniambia, "Unaona, Tata? Haiwezi kufunguliwa na mtu mwingine." Nilimpa chai ya pili ili nisiseme neno.

Siku ya kukata kiande ikapangwa, nyumbani kwa kaka yangu Gatimu. Kwa wasiojua, kwetu bwana arusi hukata mguu wa mbele wa mbuzi mbele ya wazee, kwenye kiungo cha bega, kwa kisu chake mwenyewe. Unaweza kulipa mahari yote na kuimbiwa kanisani, lakini pasipo kiande hakuna ndoa. Watu wa Chuka wakachagua Jumamosi, wakaiahirisha, wakachagua nyingine, na hiyo nyingine ikaangukia siku ya mwisho ya chuo kupokea utafiti. Mtandao wa chuo ungefungwa saa kumi na mbili jioni. Atakayechelewa angengoja mwaka mzima.

Ivy alikuwa amemaliza. Sura zote tano zilikuwa tayari ndani ya mashine tangu Jumatano, zikisubiri kutumwa tu. Alhamisi Muchangi akaichukua, akasema atazituma yeye. Hakutuma. Ijumaa akapiga simu kutoka kwao: "Nitakuja nayo kesho. Tutaifanya pamoja."

Akaja nayo. Wageni waliimbiwa langoni, wakajibu vizuri, wakaingia, na kusema kweli watu wa Chuka wana sauti. Mama yake, Karambu, alinipenda na nikampenda papo hapo. Ni mama wa majani chai, mwembamba, kilemba cha kijani, viganja vya kazi. Alinikumbatia akaniambia, "Nyinyi mumelea mtoto mzuri." Nikajiuliza mti kama ule umezaaje tunda lile.

Ivy akamvuta Muchangi kando kabla ya kuketi. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Nifungulie nitume sasa. Ni dakika kidogo tu."

"Ngoja kwanza nikate kiande," akasema. "Nikikata ndio tutatuma, kama mtu na bibi yake."

"Na nikichelewa?"

"Kwani utachelewa na mimi niko hapa?"

Hapo ndipo nilipofanya uchokozi wangu, na siuombei radhi. Desturi ni kwamba wasichana hufunikwa leso kutoka utosini hadi miguuni, wakasimama mstari, na bwana arusi amtambue wake. Muchangi alikuwa amemnunulia Ivy viatu vyekundu kwa shughuli hiyo. Nilimvua Ivy vile viatu, nikamvalisha binamu yake Nduta. Muchangi alipita mstarini akitabasamu, hakutazama urefu, hakutazama mabega, hakuusikiliza hata ule mguno mdogo ambao Ivy hutoa akicheka moyoni. Alitazama chini. Akamshika Nduta mkono, akamfunua, na wanawake wakaangua kicheko hadi hema likatikisika. Akatozwa kreti ya soda. Karambu alicheka kuliko wote, akifuta machozi kwa pembe ya kilemba.

Kisha kiande kikaletwa, kimechomwa vizuri, juu ya sinia yenye jani la mgomba. Kaka yangu Gatimu akashika upande mmoja. Kazi ya mzee hapo ni kumwonyesha kijana kiungo kilipo, maana kisu kikipita kwenye kiungo nyama huachana bila nguvu.

"Kata hapa," Gatimu akamwambia kwa upole. "Usipigane na mfupa."

"Najua, Baba. Nimeangalia video nyingi."

"Sawa, lakini sogeza kidole."

"Niko sawa."

Hakukisogeza. Alikandamiza kisu kwa haraka juu ya mfupa, mahali pasipo na kiungo, kisu kikateleza kwenye mafuta na kuingia kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kile kile. Kidole kisicho na mwenzake duniani. Damu ikashuka juu ya nyama, na wazee wawili wakatazamana bila kusema walichokuwa wanafikiria.

Walimkimbiza kwenye zahanati ya sokoni, ambako mganga Mbuvi alimshona. Gatimu akakifunika kiande kwa jani, kimekatwa nusu. Watu wakapewa chakula. Mimi nilimtafuta Ivy nikamkuta chumbani kwake, ameketi kitandani na ile kompyuta magotini, imefungwa. Alikuwa anaitazama kama mtu anayetazama mlango ambao amesahau ufunguo ndani.

"Tata," akasema, "sura mbili za mwisho ziko hapa."

Nilimshika bega tu.

Muchangi alirudi jua likiwa limeanza kupinda, kidole kimefungwa bandeji nyeupe nene kama gunzi la mahindi. Ivy alimpisha aketi, akamuuliza kama anaumwa, akamletea maji. Hayo yote kwanza, niandike ijulikane. Ndipo akamwekea kompyuta mbele.

"Inataka namba," akasema. "Kidole kikikataa inaitisha PIN. Uliweka gani?"

"PIN gani?"

"Ile uliweka siku ya kwanza. Lazima kuna moja."

Muchangi akakodoa macho. Nami nikaelewa, pale pale, jambo ambalo watu wa vidole hawaambiwi siku ya kununua: kidole ni adabu tu ya mlangoni, mwenye nyumba ni ile namba. Unaiweka siku moja kwa haraka, kidole kinakubembeleza mwaka mzima, unaisahau, na siku kidole kikiumia unabaki nje ya nyumba yako na wageni wako.

Akajaribu mwaka wake wa kuzaliwa. Ikakataa. Akajaribu moja mbili tatu nne, na sikushangaa. Ikakataa. Akajaribu mwisho wa namba yake ya simu. Ikakataa, ikaonya kwamba akiendelea hivyo itajifunga. Akafunga kifuniko.

"Monday nitaipeleka kwa duka walioniuzia," akasema.

"Chuo wanafunga leo saa kumi na mbili," Ivy akasema.

"Chuo itaelewa. Nitawaonyesha bandeji."

"Hawaelewangi. Na ile kazi?"

"Kuna mwaka ujao, Ivy. Na sasa utakuwa bibi yangu, kwani haraka ya nini?"

Ivy alikunja mikono yake mapajani na kuitazama. Nimemwona mtoto huyu akiugua malaria, nimemwona akimzika mama yake, na bado sijawahi kumwona amesinyaa namna ile. Nilikuwa nafungua kinywa changu, na kilichokuwa kinakuja hakikuwa kizuri, ndipo mlango ukasukumwa.

Alikuwa Karambu, amekuja kumwona mwanawe. Alikuwa bado ameshika ubavu wa mbuzi. Alimshika mkono, akakipuliza kile kidole kwa juu ya bandeji kama wanavyofanyiwa watoto wadogo, akauliza mbona sote tumenuna.

"Kompyuta imekataa kufunguka, Mama," Ivy akasema. "Kazi yangu ya shule iko ndani."

"Ni hiyo tu? Si nifungue na yangu?"

"Mama," Muchangi akasema, "rudi kwa wageni."

"Nirudi nini? Si uliniwekea kidole yangu Christmas, ndio nikuwe naangalia ile video ya kwaya yetu ukiwa umelala? Ama uliitoa?"

"Mama, hii ni mambo ya office," Muchangi akasema, lakini sauti ilikuwa imekwisha kazi.

Nilimtazama, na nataka kusema nilichokiona ili nisije nikasema uongo. Hakushangaa. Mtu aliyesahau hushangaa, hujipiga kipaji cha uso, husema "Aa, kumbe." Muchangi hakusahau. Alikuwa amekaa pale akibonyeza miaka ya kuzaliwa hali akijua kwamba ufunguo umevaa kilemba cha kijani na unakula ubavu nje. Alikuwa radhi mwaka mzima wa Ivy uteketee, na kazi yake, na safari zake zote za vijia, ili Ivy asijue kwamba mashine inakubali watu wengi, na kwamba yeye ndiye hakuwekwa. Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, wengine bila sababu ya kutosha. Huyu alinipa sababu hadi ikamwagika.

Karambu hakuwa na habari. Alikwisha keti na kuivuta kompyuta. Akagusa. Ikakataa. Akagusa tena. Ikakataa.

"Ni mafuta," akasema kwa aibu. "Na hizi vidole zetu za majani chai, hata Christmas ilisumbua."

Ivy aliinuka. Alileta beseni la maji ya moto na sabuni, akapiga magoti mbele ya Karambu, akamwosha mkono. Aliuosha polepole, kidole kwa kidole, akitoa mafuta kwenye kila mkunjo, akaukausha kwa leso yake mwenyewe aliyokuwa amefunikwa nayo mchana. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Karambu akaniangalia, akamwangalia mwanawe, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa. Akagusa kitufe mara ya tatu.

Kioo kikawaka.

Hatukushangilia. Ivy alichukua kompyuta, akaketi karibu na dirisha ambako mtandao hushika, nikamwashia mtandao wa simu yangu autumie. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa mwisho, akatuma. Tukangoja. Nje watu wa Chuka walikuwa wameanza wimbo mwingine.

"Imeingia," akasema. Akazituma pia kwenye barua pepe yake, sura zote tano, kisha akazifuta ndani ya mashine. Halafu akajipangusa uso.

Muchangi alijaribu kunielekea mimi, sijui kwa nini. "Tata, mama ni mama. Niliona tukianza kuongeza watu italeta maneno."

"Basi maneno ndiyo hayo, yamekuja," nikamwambia. "Karibisha."

Tulitoka wote hadi hemani. Gatimu alidhani tumekuja kumalizia shughuli. Akakifunua kiande, akageuza sinia ili bwana arusi ashike kisu kwa mkono mzima, na kijana mmoja wa kwao ashikilie nyama kwa niaba ya kidole. Watu wakasogea.

"Baba, ngoja kidogo," Ivy akasema. "Niko na swali moja kwake kabla akate."

Gatimu akaweka mkono juu ya kisu.

Ivy akamgeukia Muchangi. Hakupaza sauti. "Uliniambia mashine inakubali mtu mmoja."

"Tutaongea hiyo nyumbani."

"Ulikuwa unaniacha kwa benchi na wageni. Nilikuwa natembea town yote nikiikuna isilale. Na leo ulikuwa tayari nikose kumaliza shule."

"Ivy, watu wanaangalia. Ni kidole tu."

"Eeh," Ivy akasema. "Ni kidole tu."

Akaichukua kompyuta kutoka mikononi mwangu. Akaenda hadi alipokuwa ameketi Karambu, akapiga magoti tena, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mzazi.

"Mama, shika hii. Inakujua. Mimi hainijui na haikuwahi kunijua. Wewe sina shida na wewe, hata leo umenisaidia kushinda mtu yeyote."

Kisha akarudi kwenye sinia, akaliokota lile jani la mgomba, akakifunika kiande.

Sote pale tulielewa. Hata watoto walielewa. Muchangi alisimama na kisu mkononi, akitazama jani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa ameshika simu. Mjomba wake mmoja akaanza kusema kwamba mambo ya vijana yasiharibu mambo ya wazee, kwamba mahari imekwisha kupokelewa. Gatimu akamsikiliza mpaka mwisho, maana kaka yangu ni mtu wa adabu kuliko mimi.

"Mbuzi zenu zitarudi," akasema. "Kiande hakikatwi leo. Lakini chakula kipo, na hakuna mtu ametoka kwangu na njaa. Kaeni mule."

Wakakaa wakala, kwa kuwa safari ya Chuka ni ndefu na wali ulikuwa umeiva. Muchangi alikula pia. Alishika kijiko kwa mkono wa kulia na kukiinua kidole chake cha bandeji kando ya sahani, kimesimama wima, kila mtu akikiona.

Karambu hakula. Alikuja jikoni kuniaga, kompyuta kwapani, akanishika mkono kwa muda mrefu.

"Sikujua," akaniambia.

"Najua hukujua, Mama Muchangi."

"Mimi nilidhani ameweka wote wanaompenda."

Nikageukia sinia ya kiande, iliyokuwa imerudishwa jikoni. Niliondoa sehemu yenye damu nikawatupia mbwa, nikakichukua kile kiande kilichobaki, nikatafuta kiungo kwa kidole gumba, nikapitisha kisu. Nyama ikaachana bila nguvu. Kipande kizuri nikamfungia Karambu katika jani, ale njiani. Kingine nikampelekea Ivy chumbani, akakila chote, akaniomba chumvi.